Onyo Nililolificha Ukurasa wa Mwisho

Mkono wa rafiki yangu uliharibika kwa sababu yangu, na nikaacha lawama imwangukie yeye. Naanza na hilo ili usinihurumie mapema. Nimebeba jambo hili miaka mingi na mke wangu mwenyewe halijui, kwa hivyo wewe unayesoma ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa fundi wa stima kwenye kiwanda cha majani chai huku Kericho. Tulikuwa na mhandisi mmoja, mama wa kutoka upande wa ziwa, ambaye sote tulimwita Madam. Alirudi kutoka masomoni na diski za mfumo wa kompyuta, mdogo kiasi cha kuingia kwenye bodi, kile kibao cha umeme cha kuongoza mashine. Mfumo wenyewe ulikuwa wa bure. Yeyote aliyeuelewa aliruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Watu wa nchi mbalimbali waliujenga pamoja bila kuonana, na Madam akatuingiza sisi watu wa majani chai kwenye kazi hiyo.

Shida ilikuwa bodi. Kila kiwanda kilikuwa na aina yake, nyingine za mtumba, na mfumo ulikubali hizi ukakataa zile. Mafundi waliandika waliyoyagundua kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, kwa Kiswahili, Kizungu, hata Kipsigis. Madam akaniambia niyapange yote yawe mwongozo mmoja. Kila bodi ipate ukurasa wake, na juu ya ukurasa iandikwe kama inafanya kazi kamili, inafanya kazi kiasi, au haijajaribiwa. Mimi nikaongeza wazo langu: kila kiwanda kichapishiwe ukurasa wa bodi yake tu, fundi aubandike ukutani. Karatasi na wino vilikuwa adimu, kwa hivyo wote walilipenda wazo hilo. Kichwa kikanivimba.

Sasa sikiliza. Kati ya bodi hizo kulikuwa na moja ya kijani, na hiyo ilikuwa kama mtoto wangu. Mimi ndiye niliyeandika sehemu ya mfumo iliyoifanya ikubali. Niliikalia Jumapili nyingi mpaka mchungaji akamuuliza mke wangu kama nimehamia dhehebu lingine.

Bodi hiyo ilikuwa na ugonjwa. Stima ikipotea na kurudi, ilipeleka umeme kwenye mota kabla mfumo haujaamka. Mota ilizunguka kidogo, kisha mfumo ukaamka na kuizima. Niliyaona haya kwa macho yangu, hapo kwenye meza ya karakana. Nikaandika onyo: toa fyuzi kwanza, ndipo uguse mashine.

Lakini onyo hilo likikaa kwenye ukurasa wake, bodi yangu haingeitwa kamili. Ingeshushwa iwekwe na zile za kiasi. Na mwongozo ulikuwa unapelekwa ng'ambo, ukasomwe na wale watu tusiowajua. Nilitaka waseme kuna kijana wa Kericho aliyeleta kitu kisicho na doa. Nikalitoa onyo pale, nikalipeleka ukurasa wa mwisho kabisa, ambao haukubandikwa ukutani popote, chini ya kichwa nilichokiita Mengineyo, kati ya habari za rangi za nyaya na panya wanaotafuna waya.

Madam alipitia kazi yangu akasimama kwenye ukurasa wa bodi ya kijani. "Hii yako ya kijani iko sawa kabisa?" akaniuliza. "Haina kasoro hata moja?"

"Iko sawa, Madam. Kuna kitu kidogo tu, nimekiweka huko nyuma."

"Haya. Kama ni kidogo, wacha ikae."

Aliniamini, akageuza ukurasa.

Ningekuwa mgeni wa kazi hii ningejitetea. Mimi nimekulia kiwandani. Aliyewahi kufanya kazi kwenye majani chai anajua kwamba stima ikipotea, watu hawakai chini. Na miaka ile ilipotea ovyo. Watu hushika brashi, wakaingiza mikono chini ya mikanda inayobeba majani, kukwangua majani yaliyogandia huko, kwa sababu ndio wakati mashine zimetulia. Kwa mashine za zamani hapakuwa na hatari. Stima ikirudi, mkanda ulilala pale pale mpaka mtu abonyeze kitufe. Kwetu stima kupotea ilikuwa ndiyo ruhusa ya kuingiza mkono. Nimeuingiza wangu mara nyingi. Nilijua, jamani. Nilijua na bado nikapanga kurasa zangu zipendeze.

Rafiki yangu nitamwita Kibet, ingawa si jina lake. Kwao ni Sosiot. Tulikaa jandoni nyumba moja, na kwetu mtu wa namna hiyo humdanganyi. Alikuwa fundi kwenye kiwanda kingine, upande wa Bomet. Alinipigia simu ya ofisini.

"Rafiki, nimeona kwa hii karatasi yako bodi ya kijani imeandikwa kamili. Niiweke kwa mkanda wa majani?"

"Weka bila wasiwasi," nikamwambia. Fyuzi hata sikuitaja. Nilikuwa nafurahia kusikia neno lile, kamili, likitoka kinywani mwake.

Akaiweka, na ikafanya kazi vizuri. Kisha mchana mmoja stima ikapotea. Watu wakachukua brashi kama kawaida, Kibet akapiga magoti akaingiza mkono wa kulia chini ya mkanda, karibu na rola. Stima ikarudi. Mkanda ulitembea kwa muda mfupi sana, halafu mfumo wangu ukaamka na kuuzima. Vidole vyake vilikuwa tayari vimeingia kwenye rola. Hospitali walifanya walichoweza, akatoka amebaki na gumba.

Tuliitwa mbele ya meneja wa kiwanda chao, mimi nikiwa mwenye mwongozo. Meneja alikuwa na swali moja tu.

"Hii hatari iliandikwa ama haikuandikwa?"

Kibet alikuwa ameketi karibu nami, mkono umefungwa. 

"Iliandikwa," nikasema.

"Mimi nilisoma karatasi ya hiyo bodi, mzee," Kibet akasema. "Nilisoma yote."

Meneja akatazama mwongozo mzima niliokuja nao, akafungua nyuma, akaliona onyo. Ikaamuliwa kwamba fundi alizembea. Kibet akapoteza kazi. Mimi nikapanda gari nikarudi Kericho, na wiki hiyo hiyo nikalirudisha onyo kwenye ukurasa wake bila kumwambia mtu.

Ulipita muda kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwake. Mke wake alinikaribisha vizuri, akanimiminia mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kisha akatoka kwenda kukamua ng'ombe, kazi ambayo zamani ilikuwa ya Kibet. Tulipobaki wawili Kibet akaniuliza, taratibu, bila hasira yoyote.

"Rafiki, mimi nilikuwa na ile karatasi moja ya ukutani. Hilo onyo lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa kwa karatasi ya mwisho."

Akautazama mkono wake. "Basi ni mimi. Ningeitisha hizo zingine."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikainama, nikamaliza mursik, nikamwambia pole.

Siku hizi nasikia anawaonya watoto wake wasome kila kitu mpaka mwisho, wasije wakawa wazembe kama baba yao. 

Wewe unayeandikia watu maelezo ya mashine, au ya dawa, au ya kitu chochote kinachoweza kuumiza, usifiche ubovu wa kazi yako mahali ambapo hakuna atakayefika, halafu ukajitetea kwamba uliandika. Na ukikosea, sema haraka, kabla yule uliyemuumiza hajaanza kujilaumu.

Kibet, hili gazeti huwa linafika Sosiot, na ukisoma utajijua. Hukuzembea. Ile karatasi uliisoma yote, na onyo halikuwemo, kwa sababu mimi ndiye niliyelitoa. Waite watoto uwaambie.