Tanuri Lenye Ukuta Baridi

Baba mdogo hatulii. Ndugu zake wanamwita Feni, maana hata chai huinywa akizunguka. Ni mwokaji mikate, na ujuzi wake aliujenga kwenye tanuri la matofali: anabandika kiganja ukutani, anatulia kidogo, kisha anasema, "Bado," au, "Tia."

Halafu bekari ikahamia jengo lingine, lenye tanuri la umeme lililonunuliwa mkononi, namba za joto zimeshafutika. Akabandika kiganja. Baridi. Akaongeza moto. Bado baridi. Mikate ikatoka myeusi kama viatu vyangu vya shule. Kumbe kuta za tanuri lile zinazuia joto lisitoke nje. Akaelezwa, akaelewa, na kesho yake mkono ukaenda ukutani wenyewe. Akaunguza tena.

Mwenye bekari akamwambia, "Mzee wangu, mikate ya jioni ya leo ikiungua, tanuri nampa mwingine. Wewe utafunga mikate kwenye mifuko."

Mchana ule alizunguka sebuleni mpaka mama mdogo akamuuliza, "Hivi hilo zulia limekukosea nini?"

Mimi nilikuwa nadurusu bayolojia. Nikamwambia, "Baba mdogo, lala kidogo."

"Kazi inaniponyoka, nilale?"

Nikamweleza alichotufundisha mwalimu: ukilala, ubongo haunyamazi. Seli zake hupiga kwa pamoja, mawimbi ya polepole na mengine ya haraka yakipanda juu yake. Wanasayansi wanadhani yanapokwenda sambamba, ubongo hurudia yaliyopita na kuokota yanayofanana, ndipo mtu anaweza kuyatumia mahali ambapo hajawahi kufika.

"Kwa hiyo nina mawimbi kichwani?"

"Kila mtu anayo."

"Ndiyo maana nasikia kizunguzungu."

Akajilaza kwenye kochi, mguu mmoja ukitikisika. Baadaye mguu nao ukatulia. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Nilisoma mstari uleule mpaka macho yakachoka.

Alipoamka alisema, "Unga."

"Unga gani?"

"Kabla hujazaliwa nilioka kwenye pipa, nikaoka kwenye tanuri la udongo. Kote nilirusha unga ndani nikautazama. Ukuta nimeuzoea kwenye matofali tu."

Nikang'ang'ania kumfuata hadi bekari. Akarusha unga kidogo kwenye sinia tupu ndani ya tanuri. Ukawa mweusi papo hapo. Akapunguza moto, akasubiri huku akipiga vidole mezani, akarusha tena. Safari hii ukageuka kahawia taratibu.

"Tia," akasema.

Mikate ikatoka. Mwenye bekari akamega mmoja, akatafuna bila haraka.

"Tanuri ni lako," akasema. "Ila mikate ya nyuma imepauka."

Nikamvuta baba mdogo shati. "Ni usingizi, au ungekumbuka tu?"

"Kamuulize mwalimu wako," akajibu, tayari ameinama akichungulia mlangoni mwa tanuri. "Mimi nataka kujua huku nyuma joto linakwenda wapi."