Mama Alipokuja Kunichagulia Tairi

Watu wa Nakuru wana ulimi. Niliponunua ile gari, jirani mmoja wa hapa Free Area alisimama langoni kwangu, akaikagua kutoka mbele hadi nyuma, akasema, "Sasa hii utabebea nini? Hata debe la viazi haliingii." Nikamwambia itanibeba mimi, na kama ana viazi atafute mkokoteni. Ni gari ya milango miwili, imelala chini, injini ina turbo mbili na nguvu yote inaenda magurudumu ya nyuma. Mimi nina duka la dawa za mifugo mjini, na wateja hadi Molo na Mau Summit. Ningenunua pikapu kama watu wote wenye akili. Sikutaka pikapu. Tangu nikiwa msichana nilitaka gari inayonguruma, nikafanya kazi, nikaipata, na sijaomba mtu msamaha.

Mamangu tu ndiye nilishindwa kumjibu. Hakuwahi kuketi ndani ya gari hiyo hata siku moja. Akija kunitembelea kutoka Ndabibi, hupita kando yake kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Na ana sababu. Tulizaliwa wawili, mimi na ndugu yangu mdogo. Ndugu yangu alikufa kwenye mteremko wa Salgaa akiendesha gari ya kuazima, mvua ikinyesha. Alikanyaga breki, gari ikaendelea kuteleza tu mpaka chini ya lori. Nilienda kuiona ile gari kituo cha polisi. Tairi zilikuwa kipara, nyuzi zimetokeza nje. Nililia kwa hasira kabla sijalia kwa huzuni.

Tangu hapo, mvua ikinyesha na niko njiani, Mama hupiga simu mpaka nishike. Ukimwambia kwamba mtu anayeendesha hafai kushika simu, atakuuliza kwani mtu aliyekufa ndiye hushika.

Basi tairi zangu zilipokwisha, na kwa gari kama ile tairi za nyuma huisha upesi kama sabuni ya kipande, nikaropoka kwenye simu kwamba Jumamosi naenda kununua zingine. Jumamosi asubuhi Mama alikuwa langoni na gunia la sukuma wiki.

"Nimekuja tukazione pamoja," akasema.

"Mama, tairi si kitenge."

"Najua si kitenge. Kitenge kikichanika unashona."

Akakataa kuingia kwenye gari yangu. Alinifuata kwa tuktuk mpaka mjini, na kila nikitazama kioo naona ule uso wake nyuma ya dereva, umekaza, hauondoki.

Duka lenyewe ni la mzee mmoja Mhindi mwenye kilemba, ambaye hata babake aliuza tairi mahali hapo hapo. Si mtu wa maneno mengi. Nilimwambia ninachotaka kabla Mama hajashuka vizuri. Nilikuwa nimesoma juu ya tairi hiyo kwa wiki nyingi, nikiisoma kama wengine wanavyosoma magazeti ya mapenzi. Ni tairi iliyozaliwa kwenye uwanja wa mashindano, halafu ikachorwa mifereji michache tu, ile sheria inayodai, ili iruhusiwe barabarani. Ubavuni ina alama zote halali, na herufi ya mwisho inaonyesha inahimili mwendo ambao hakuna barabara ya Kenya utakayoufikia bila kwenda jela. Mzee akaitoa. Niliigusa kwa ukucha, mpira ukabonyea. Wee! Moyo wangu ulipiga, sitadanganya.

"Hii ikipata moto inashika lami kama gundi," mzee akasema. Kisha akasita. "Lakini wewe unapanda huku juu, Mau. Kuna baridi, kuna maji. Ikiwa baridi na maji yako juu ya lami, mimi siwezi kukudanganya, madam."

Nilijua. Nilikuwa nimeyasoma hayo pia, nikayaruka. Nikasema nitaendesha polepole mvua ikinyesha.

Mama alikuwa amefika. Akaitazama ile tairi, akaipapasa, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hii imekwisha, ama ni macho yangu?"

"Ni mpya, Mama."

"Mpya? Meno yako wapi? Maji yatapita wapi?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza mpira laini, nikamweleza joto, upana, na jinsi ukavu unavyotaka mpira mwingi uguse lami. Hakusikiliza. Aliondoka akaenda upande wa pili wa duka, kwenye tairi za magari ya shambani, akaiegemea moja yenye meno makubwa kama ya trekta. Akaipiga kofi.

"Mfungie hii."

"Haiingii kwa gari yake, mama," mzee akasema.

"Ifanye iingie."

Mafundi wakacheka. Mimi sikucheka. Uso ulikuwa unanichoma, mwanamke mzima mwenye duka lake anachaguliwa tairi na mamake mbele ya wanaume wenye spana. "Mama, hiyo ni ya matope," nikasema, na sauti ilikuwa imepanda. "Kwa lami, kwa mwendo, itayumba initupe mtaroni. Itaniua haraka kuliko hii."

"Basi punguza mwendo."

"Si mwendo tu..."

"Punguza mwendo! Kwani ni lazima?"

Alikuwa ameketi juu ya rundo la tairi, mkoba kifuani, na nilimjua mamangu. Akiketi hivyo hatoki. Kulikuwa na mteja mwingine, mwanaume wa makamo anayengoja gari yake ishushwe kwenye jeki. Nadhani alitaka kutusaidia. Akasema kwa upole, akitabasamu, "Mathe, si unajua wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe."

Mama akamgeukia. Hakupandisha sauti.

"Nilimpa mmoja," akasema. "Nikamzika."

Yule mwanaume akasema pole, akatoka nje, ingawa gari yake ilikuwa bado juu. Mzee mwenye kilemba akainamisha kichwa. "Pole sana, mama," naye akasema.

Na mimi, badala ya kumhurumia, nikakasirika zaidi. Ndivyo nilivyo. Nilihisi amenipiga na maiti ya ndugu yangu. "Mimi si yeye," nikamwambia. "Mimi nanunua tairi mpya. Nasoma mpaka macho yanauma. Yeye aliazima gari bila hata kuinama kuziangalia. Mimi si yeye!"

"Najua wewe si yeye," Mama akasema. "Wewe ndiye nimebaki naye."

Nikageuka, nikajifanya nasoma bei ukutani.

Mzee aliingia stoo bila kuambiwa na mtu. Akatoka akiisukuma tairi ya tatu, akaisimamisha katikati yangu na Mama. Hiyo nayo ilikuwa ya magari yenye nguvu, pana vilevile, herufi ya mwendo ileile, lakini ilikuwa na mifereji minne mirefu inayozunguka yote, unaweza kulaza kidole ndani. Akasema mpira wake haungoji joto ndipo ushike. Kwenye ukavu itaachwa kidogo na ile niliyoitaka. Kwenye maji hazikai meza moja. Alimwambia Mama, si mimi.

Mama akashuka kwenye rundo lake. Akaweka kidole kwenye mfereji, akakivuta polepole kuzunguka tairi, midomo ikisonga kidogo. "Maji yanapita hapa?"

"Yanapita hapo."

"Na hii ubavu mwembamba hivi, kama chapati?"

"Gari yake inataka hivyo, mama. Ukiweka nene, haisikii usukani."

Wote wawili wakanitazama. Nikaitazama ile ya kwanza, imelala pale kando, nyeusi, laini. Niliitaka. Bado naitaka, haki ya Mungu, nikiiona kwa gari ya mtu nasimama. Nilijiuliza kama nikichukua hii ya mifereji nitakuwa nimechagua kwa akili ama kwa woga wa Mama, na nikaona kwamba mle dukani sitaweza kuvitenganisha. Nikasoma tarakimu za ubavuni zinazoonyesha zilitengenezwa lini, nihakikishe tairi hazijazeekea stoo. Zilikuwa za mwaka huo. Nikasema, "Funga hizo."

Hakuna aliyefurahi. Mama alisema bado ni nyembamba. Mimi nilinuna mpaka jioni. Mzee alitusindikiza mlangoni akanionya: tairi mpya hutoka kiwandani na utelezi juu yake, nisiikanyage gari kwa nguvu siku za kwanza mpaka ngozi ile iishe kwa lami, na zaidi kukiwa na maji. Nikamwambia najua. Nilikuwa nimechoka kuambiwa.

Jumatatu nilikuwa na dawa za kupeleka Mau Summit, kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wameanza kulala chini. Usiku kucha mvua ilinyesha, na kulipokucha lami ilikuwa inang'aa. Nilitoka na sanduku la dawa mikononi, nikamkuta Mama, aliyekuwa bado kwangu tangu Jumamosi, ametoka nje kabla yangu. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, kitambaa kichwani, anaomba kwa sauti ya chini. Mkononi alikuwa na chupa. Na tairi zote nne zilikuwa zinametameta.

Mafuta ya upako. Yale ya kanisani, yaliyoombewa. Watu wengi hapa kwetu wakinunua gari huita mchungaji, naye huweka tone kwenye boneti, mnasema amina, mnakunywa chai. Mama hakuweka tone. Alimwaga, akapaka kwa kiganja, kwenye meno, ndani ya mifereji, kila mahali pa kushika barabara. Yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye saruji.

"Mama! Ala! Unafanya nini?"

"Nakuombea."

"Umepaka mafuta kwenye tairi! Tairi mpya, na mvua! Unataka nife?"

Neno lilitoka kabla sijalishika. Nililiona likimfikia. Akasimama taratibu, goti moja baada ya lingine, chupa bado mkononi.

Nikaweka sanduku chini. Nikaleta ndoo, sabuni ya unga na brashi ya kusugulia sakafu, nikaanza na tairi ya mbele. Nilisugua kwa nguvu. Sikujua kama ni hasira ama ni hofu, kwa maana niliona wazi kabisa jinsi ingekuwa: natoka langoni, nafika barabara kuu, lori linakuja, nakanyaga breki. Nikamaliza ya kwanza. Nikasukuma gari kidogo nifikie upande uliokuwa chini, nikasugua tena. Nikaenda ya pili, ya tatu. Povu lilikuwa limejaa uani. Mama alisimama tu, ananitazama nikiyaosha maombi yake.

Nilikuwa kwenye ya nne aliposema, "Za ndugu yako sikuzipaka."

Nikaacha kusugua.

"Siku ile alipita nyumbani na ile gari," akasema. "Akaniambia, Mama, toka uiombee, naenda mbali. Nilikuwa na maziwa kwenye moto. Nikamwambia enda tu, nitaomba baadaye." Akatazama chupa. "Maziwa yenyewe yalimwagika."

Sikuwahi kuambiwa hilo. Mimi nilidhani ni tairi tu zilizokuwa zinamtesa, kama zilivyokuwa zinanitesa mimi. Miaka yote hiyo ya simu, mvua ikianza tu, nilidhani ananichunga mimi.

Nilimaliza tairi ya nne. Ilibidi. Niliisuza kwa maji safi, nikapitisha kiganja kwenye kila mfereji mpaka nikahisi mpira mtupu, na nilifanya hivyo akiona. Kisha nikafuta mikono kwenye sketi, nikaenda mbele yake, nikapiga magoti pale kwenye povu. Sijui kama nililipanga. Mimi si mtu wa kupiga magoti.

"Kama ni mafuta, Mama, nipake mimi," nikasema. "Tairi haina masikio. Mimi ndiye nakanyaga breki. Nipake mimi."

Akageuza chupa kwenye kiganja, ikatoa kidogo kilichobaki, akaweka mkono kwenye paji la uso wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto na mgumu. Mafuta yakateremka mpaka kwenye jicho, likaniwasha, nikalifumba. Akaomba. Aliombea barabara, akaombea madereva wa malori wasisinzie, akaombea mvua ipungue, akaombea breki, akaomba mtoto wake afike na arudi. Na alipofika pahali pa kutaja jina la huyo mtoto, akataja la ndugu yangu.

Sikumsahihisha. Nikasema amina.