Miguu Mitatu Juu ya Reli

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi nilisimamisha stendi ya kamera kwenye tuta la reli, juu ya mtaa wa mabanda wa Soweto West. Nilitaka kupiga picha za mapaa kabla jua halijayafifisha rangi. Kamera nzito, lenzi ndefu, stendi ya miguu mitatu: hivyo ndivyo vitabu vya mitumba vilivyonifundisha kupiga mandhari.

Mama mmoja kutoka Kitui, muuza maharagwe, aliniona akapiga kelele, "Wapimaji!" Kabla sijarekebisha mwanga alikuwa amepanda juu ya paa lake na nyundo, anang'oa misumari. Huku wapimaji wa ardhi hutangulia na vyombo vyao vya miguu mitatu, tingatinga hufuata, na anayewahi kuondoa mabati yake ndiye hujenga tena.

Nilishuka mbio nikamwonyesha kioo cha kamera.

"Ni picha tu, mama."

"Picha ya kutu?" Alicheka mpaka akakaa. "Wee mzee, utatuua na hiyo miguu tatu yako. Panda upigilie hizi misumari."

Nilipanda.

Tangu hapo, kila Jumamosi akiiona stendi, aliwatuliza majirani: "Tulieni, ni yule wa picha." Nilifurahi kuzoeleka. Sikufikiria walikuwa wanazoea nini.

Miezi ilipopita nilichoshwa na mapaa ya mbali. Picha zilikuwa kali, lakini hazikuwa na mtu. Nikaanza kutembea na kamera ndogo yenye lenzi fupi, kutoka mtaa jirani wa Mashimoni hadi mtoni, nikisalimia kwanza, nikipiga baadaye. Stendi ilibaki nyumbani Kawangware, nyuma ya mlango, mpaka nikaiuza kwa fundi mmoja pale kituo cha matatu cha 56.

Wiki mbili baada ya kuiuza nilifika Soweto West nikakuta udongo mtupu. Mama alikuwa ameketi juu ya gunia la maharagwe. Mabati yake yalikuwa yamesagwa pamoja na mbao.

"Wapimaji walisimama pale pale pako, asubuhi," alisema. "Miguu tatu. Watu wakakimbilia nyundo. Mimi nikawaambia, tulieni, ni yule wa picha."

Hakunilaumu. Alinitajia tu vilivyopotea na bei zake: mabati kumi na manne, mbao, mlango, sufuria mbili. Nilijumlisha kwenye daftari ninamoandika saa na mwanga wa kila picha. Shilingi elfu ishirini na nne na mia sita.