Mtu Mmoja, Mstari Mmoja

Makao makuu ya polisi ya mji yalikuwa na makarani wengi, lakini mwenye mwandiko alikuwa mmoja. Walimwita Mstari, na jina hilo lilimkolea hata mkewe akawa analitumia siku anazotaka kumchokoza. Herufi zake zilisimama wima, hakuna iliyoegemea mwenzake, hakuna iliyothubutu kuvuka ukingo wa ukurasa. Kwa miaka thelathini na mitatu aliketi masjala, chumba cha chini chenye dirisha moja na feni iliyozunguka siku ikijisikia, akiandika rejesta ya watu waliopotea. Ungeweza kuondoka na mwavuli wake asiseme neno. Lakini kalamu yake, thubutu!

Kazi alifundishwa na karani mkuu wa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Mzee huyo alikuwa na amri moja, nayo aliirudia mpaka ikachosha: mtu mmoja, mstari mmoja. Anayekuja kaunta kumtafuta mtu wake, alisema, huja analia, na anayelia husema mengi. Atakueleza mtu wake alikula nini asubuhi, waligombania nini juzi, ameota nini usiku. Karani akiyafuata hayo yote, kitabu kitajaa kabla ya mwezi kwisha. Andika jina, umri, kimo, nguo, tarehe, anwani ya mletaji, basi.

Mstari aliishika amri hiyo kwa mikono miwili. Mtu angekaa mbele yake nusu saa akimwaga maneno na machozi, naye angeyakunja yote yakalala ndani ya mstari mmoja, na nafasi ya sahihi ikabaki. Alijivunia jambo hilo. Wakaguzi walipokuja, rejesta yake ndiyo iliyotangulizwa mezani, na yeye alijifanya anatafuta kitu kwenye droo ili asionekane anatabasamu.

Zilipobaki wiki mbili astaafu, kamanda mpya aliamua makao makuu yawe na chumba cha historia. Kamanda huyu aliyapenda sana mambo ya kale, hasa waandishi wa habari wakiwa karibu. Stoo ikafunguliwa, vumbi likatimka, watu wakapiga chafya siku tatu mfululizo. Vikatoka vitabu vya zamani ambavyo hakuna aliyejua kuwa bado vipo: orodha za baiskeli zilizoibwa, majina ya askari waliofungiwa mshahara kwa kulala zamu, hata taarifa ndefu ya mbuzi aliyekamatwa ndani ya posta akaachiwa kwa kukosa mashahidi. Koplo wa kike aliyepewa kazi ya kuvipanga alicheka hiyo ya mbuzi mpaka akashika mbavu.

Kamanda akamwita Mstari. "Mzee, nataka ukurasa wako mmoja, ule uliokutoka vizuri kuliko yote. Utakaa kwenye kabati la kioo, pale mlangoni. Na pembeni yake weka ukurasa wa kitabu cha maiti wasiojulikana, wa wiki hiyo hiyo. Wageni waone vitengo vyetu vilivyofanya kazi bega kwa bega."

Bega kwa bega! Vitabu hivyo viwili havikuwahi kukaa meza moja tangu vianze kuandikwa. Cha waliopotea kilikuwa masjala, chini. Cha maiti kilikuwa ghorofani, kitengo cha ajali, chini ya sajenti mmoja mkali. Kitabu hakikuruhusiwa kutoka chumbani kwake bila sahihi za maofisa wawili, na kuwapata maofisa wawili mahali pamoja, wote wana kalamu, ilikuwa bahati. Aliyevipitia vyote viwili alikuwa mtu mmoja tu. Sajenti aliandika vibaya kupita kiasi, kwa hiyo kila Ijumaa Mstari aliitwa juu kunakili karatasi zake kwa mwandiko safi. Alinakili kama mtu anayeosha vyombo: mikono iko pale, akili imeshafika nyumbani.

Jumanne baada ya chai akaviweka vitabu viwili sambamba juu ya meza ndefu. Alichagua mwezi mmoja wa miaka thelathini iliyopita, mwezi ambao wino ulikuwa mzuri. Ukurasa ulikuwa unapendeza kweli. Akapitisha kidole mpaka mstari wa tisa: mwanamume, miaka thelathini na moja, kimo cha wastani, shati jeupe, suruali nyeusi, ametoka nyumbani Jumatatu asubuhi. Halafu macho yakahamia kitabu cha pili, nacho ni mwandiko ule ule, wino ule ule, Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

"Mwanamume asiyejulikana. Amegongwa na lori barabara ya viwandani, Jumatatu adhuhuri, akitembea kuelekea mjini. Hana kitambulisho. Shati jeupe, kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Mkononi pakiti mbili za uzi mweupe, hazijafunguliwa."

Uzi wa kijani. Mstari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na maneno yakawa bado pale pale. Akavuta kiti, akakaa.

Sasa alimkumbuka. Mwanamke kijana, fundi cherehani, mtoto wa miaka miwili mgongoni. Alikuja Jumanne asubuhi, anaongea haraka haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Uzi mweupe ulikuwa umemwishia, na nguo za shule za watu zinasubiri. Mumewe akasema atakwenda kuutafuta kule viwandani. Anatoka tu, kifungo cha shati kikadondoka.

"Nikamshonea kwa uzi wa kijani, ndio uliokuwepo," alisema siku ile, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mimi fundi mzima, mume wangu anatoka na kifungo cha kijani! Akaniambia usijali, nikirudi na mweupe utakishona upya. Kifungo cha tatu, baba. Kutoka juu."

Na Mstari, kijana wa watu, kalamu imetulia mkononi, aliandika: shati jeupe.

Hilo peke yake labda angeweza kulimeza. Lakini mwanamke alipouliza kama azunguke mochwari, yeye alimjibu kwa ule upole wa mtu anayeijua kazi yake: "Usijihangaishe, mama. Kila maiti inapita kwenye vitabu vyetu. Akipatikana anayefanana tutakuita." Mwanamke akamwamini, akaenda kungoja kuitwa. Kila mwaka mwezi ule alikuja kuuliza, na kila mwaka Mstari alifunua rejesta yake nzuri, akatikisa kichwa. Mwaka mmoja, kwa huruma kabisa, alimwambia, "Wanaume wengine ndivyo walivyo, mama. Usijiumize." Mara ya mwisho alikuja na binti yake, sasa msichana wa miaka kumi na sita. Binti hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, twende zetu. Mtu aliyekukimbia hatafutwi polisi." Hawakurudi tena, na Mstari alishusha pumzi, kwa kuwa ziara zile zilianza kumchosha.

Jioni alimweleza mkewe. Chakula kilipoa.

"Mwandikie barua," mkewe alisema. "Askari wampelekee. Umebakiza wiki mbili, baba, uondoke na heshima yako."

"Barua ya mstari mmoja?"

"Sasa unanigombeza mimi? Na huyo sajenti wa juu je? Si ndiye aliyekuwa mwenye kitabu?"

"Sajenti alishakufa."

"Basi si afadhali? Hatabisha."

Mkewe hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu mumewe aagwe vizuri, apigwe picha na kamanda, arudi nyumbani kichwa juu. Na Mstari, tusimpambe, aliligeuza neno hilo la sajenti akilini asubuhi nzima akivaa, na njia nzima akitembea. Alikuwa bado analo mdomoni alipofika mtaa wa nyuma ya soko.

Duka la yule fundi lilikuwa pale pale lilipoandikwa kwenye rejesta. Cherehani zilikuwa mbili. Kwenye moja alikaa mwanamke mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa kamba. Kwenye nyingine mwanamke wa miaka thelathini na kitu, paji la uso kama la mama yake. Mama aliinua macho, na hakuhitaji kuambiwa.

"Wewe ni wa kile kitabu."

"Ndiyo, mama."

"Amepatikana?"

Miaka yote hiyo, na swali lilikuwa lile lile. Mstari akatoa karatasi aliyonakili, akaisoma yote, polepole, akiwa amesimama. Alipofika kwenye uzi wa kijani, cherehani ya binti ikanyamaza. Alipofika kwenye pakiti mbili, mama akaweka kiganja mdomoni.

"Aliupata," alisema. "Aliupata uzi."

Kisha akauliza, "Nani aliandika hayo?"

Hapo ndipo sajenti alipopaswa kutajwa. Mstari akakunja karatasi. "Mimi."

"Na kile kitabu nilichokuja mimi?"

"Mimi pia."

"Nilikwambia kifungo."

"Uliniambia, mama. Cha tatu kutoka juu."

"Sasa kwa nini hukuandika?"

Majibu ya kiofisi alikuwa nayo ya miaka thelathini na mitatu, akayaacha. "Hakikuenea kwenye mstari," alisema.

Binti alisimama. Mstari alidhani atampiga, na kwa kweli angeshukuru. Lakini binti hakumtazama hata. Alikuwa anamtazama mama yake. "Niliolewa nikawaambia wakwe zangu sina baba," alisema. "Wanangu nimewaambia babu yao alikuwa mhuni. Mama, nilikukataza hata kumtaja humu ndani." Akakaa tena, akainamia kitambaa cha watu kilichokuwa kwenye cherehani.

Mstari alitamani kusema nisameheni. Neno hilo alilisema, lakini lilitoka dogo, na hata yeye alilisikia udogo wake. Kaburi, akawaambia, ni la manispaa, na namba ipo. Lakini alikuwa amepita pale asubuhi, na vibao vya miaka ile vilishang'olewa. Safu inajulikana. Kaburi lenyewe halijulikani.

Mama akavua miwani, akachukua mtandio. "Kitabu kile bado kipo?"

"Kipo."

"Twende."

Walitembea watatu, jua la mchana likiwa utosini. Kaunta ya masjala ilikuwa ile ile, ila mbao zake zimelika pale watu walipoegemeza viwiko. Mstari akamwekea mama kiti, akafungua rejesta kwenye mstari wa tisa, akatoa kalamu. Koplo wa chumba cha historia akaja mbio.

"Mzee! Huo si ndio ukurasa wa kabati la kioo? Kamanda ameshawaita watu wa magazeti."

"Najua."

"Utauharibu!"

"Niliuharibu zamani, mwanangu." Akaandika tarehe ya leo ukingoni, akaweka sahihi pembeni yake, kama sheria inavyotaka kwa nyongeza. Halafu akamgeukia mwanamke mwenye mvi. "Niambie, mama. Kama siku ile."

Binti akamshika mama mkono. Ndipo mama akaanza kueleza habari za kifungo, uzi ulioisha, na nguo za shule. Mstari akaandika kifungo cha tatu kutoka juu. Mama akaeleza alivyocheka mumewe akitoka, kwamba alipiga mluzi vibaya, kwamba alimwinua mtoto mpaka kichwa kikagusa dari. Binti aliposikia hilo akasema, "Mimi?" na mama akasema, "Wewe. Ulilia alipokushusha." Mstari akayaandika hayo nayo. Wino ulivuka ukingo, ukashuka pembeni mwa ukurasa, ukapita juu ya mistari ya watu wengine, na herufi zikaanza kuegemeana kwa sababu mkono ulikuwa unayakimbiza maneno. Kamanda alikuja akasimama mlangoni, akatazama, akarudi alikotoka.

Mama akachungulia kitabu. Hakukuwa na weupe uliobaki.

"Imeenea?" aliuliza.

Mstari akavuta karatasi tupu, akaibandika kwenye ukingo wa ukurasa, akailainisha kwa kiganja.

"Haijaenea," alisema. "Wewe endelea tu, mama."