Nilidhani virusi vimemaliza samaki wangu, kumbe ni muhogo wa mamamkwe

Wakuu, habari za humu. Haya yalinitokea mwenyewe Nchelenge, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mke wangu yuko hapa pembeni anakagua kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Kwanza mnijue. Nimekulia ufukweni mwa Ziwa Mweru, ila ziwa lenyewe naliogopa. Wenzangu wakienda kuvua kule kisiwani Chisenga, mimi nipo nyumbani.

Nikachimba bwawa nyuma ya nyumba, nikaweka tilapia. Ziwa lipo pale pale, mtu anafuga! Walinicheka mpaka watu wa Kabuta huko.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akaapa: "Hilo dimbwi likikushinda, unaingia mtumbwini na mimi. Utatapika mpaka usahau jina lako."

Basi asubuhi moja naenda kuwalisha, nakuta samaki wote juu, midomo wazi, wanahema. Wengine wameshageuza tumbo.

Jirani yangu Papa Kasongo, Mkongo mchuuzi wa samaki, akachungulia.

"Ile ni virus, mon cher! Kule ku bahari bazungu banafuga samaki, virus ikiingia bote banakufa. Toa bote leo, tuuze bangali bazima, mbele bafe!"

Nilishajiona mtumbwini.

Nikachukua wavu. Lakini wakuu, kitu kikanizuia. Waliobaki hai wamebanana sehemu moja tu, pale mfereji unapoleta maji mapya. Kidonda hawana. Nikajiuliza, virusi gani hivi vinavyoogopa mfereji?

Nikanusa maji. Chachu!

Kuangalia kona ya pili: magunia ya muhogo, yamelowekwa ili ulainike.

Mamamkwe. Alikuja kututembelea toka Puta, akaona maji yametulia karibu na jiko, akaona Mungu amemjibu.

Sasa kasheshe. Kwetu mkwe hasemeshwi mpaka sherehe ya kuruhusiana kusema ipite, na yetu ilikuwa bado. Mke yuko sokoni. Mama mwenyewe yuko jikoni, kanipa mgongo kwa heshima.

Nikamgeukia jogoo aliyekuwa akidonoa mlangoni pa jikoni, ili mama asikie.

"Jogoo! Huu muhogo unachacha, unawamalizia samaki hewa! Ukitoka sasa hivi watapona!"

Halafu sauti toka jikoni: "We jogoo, kwani mwenye bwawa hana mikono?"

Niliruka ndani na nguo zangu! Nikaburuta magunia nje. Papa Kasongo akapanua mfereji kwa jembe. Nikawa nachota maji kwa ndoo na kuyamwaga toka juu ili yashike hewa.

Mara nasikia ndoo nyingine inapiga maji. Mamamkwe, kitenge kimefungwa juu, maji magotini, na bado kanipa mgongo!

Jua lilipopanda, samaki wakaanza kushuka chini, mmoja, halafu kundi zima. Nilishangilia mpaka jogoo akakimbia.

Nilichojifunza: virusi vya samaki vipo na vinaua, sibishi. Ila kabla hujavitaja, nusa maji, tazama samaki wamekimbilia wapi, na uulize nani kaloweka nini.

Samaki wa kwanza mkubwa nilimpelekea mama. Jibu likapitia kwa jogoo: "Mwambie mwenye bwawa, samaki wake ni mtamu kama wa ziwani. Sasa anirudishie muhogo wangu alioutoa bwawani."

Wafugaji wa mabwawa na vizimba, leteni yenu: kwenu samaki wakihema, huwa mnamlaumu nani kwanza?

Shemeji, kama unasoma humu: endelea kusubiri mtumbwini.