Siku Orandi Alipomwaga Dawa

Kabla mgongo haujaniangusha nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kanyakine. Asubuhi nilifundisha, jioni nilikimbizana na wasichana wa netiboli uwanjani, na Jumapili niliimba kwaya. Naitwa Kananu. Nayaandika haya kwa sababu juzi sista wa kliniki alinisimamisha mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi, akaniomba niwaeleze nilivyopona. Walinitazama, wakasubiri, nikasema tu, "Mezeni dawa," nikaketi. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba walistahili kusikia zaidi ya hayo.

Kulikuwa na jambo lingine katika maisha yangu. Niliandika hadithi kwenye simu, na shujaa wake hakuwa wangu. Tulipokuwa wadogo huko Kianjai, mimi na dada yangu mkubwa Gatwiri tulikuwa tukienda kwa jirani kutazama katuni moja ya nchi za mbali. Shujaa wake ni Orandi, mlinzi wa Lango la Barafu. Ana upanga unaowaka, na adui zake hutoka chini ya theluji. Kila kipindi anapigwa, anachomwa, anaanguka kutoka juu ya mnara. Kipindi kinachofuata yuko mzima, nywele zimechanwa.

Hilo lilinisumbua tangu utotoni. Nilitaka kujua alilalaje siku alipoumia. Nani alimwosha damu? Je, alilia? Nilipokuwa mtu mzima nikakuta mtandaoni mashabiki wenzangu wanaomtungia Orandi maisha ambayo katuni haikuyaonyesha. Wengi waliandika vita. Mimi niliandika yanayofuata vita, yaani Orandi akiwa peke yake, amevua silaha, anaogopa. Gatwiri, ambaye anauza mitumba Makutano pale Meru mjini, aliona huo ni utoto. "Mwalimu mzima," alikuwa akiniambia, "bado uko na katuni?"

Maumivu yalianza katikati ya mgongo, chini kidogo ya pale sidiria inapofungwa. Nililaumu godoro. Nililaumu netiboli. Chemisti alinipa tembe za maumivu na dawa ya kuchua, nikajichua mpaka ngozi ikawaka. Mchana maumivu yalipoa. Nikilala yalirudi, yakichimba taratibu, kama kitu kinachotafuna na hakina haraka. Kisha nikaanza kuamka shuka zimelowa jasho, na ninyi mnaojua baridi ya kwetu mtaelewa kwa nini hilo lilinitisha. Sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Walimu wenzangu walinisifu kwamba nimepungua vizuri.

Katika miezi hiyo Orandi wangu naye akaanza kuumwa mgongo. Sikupanga. Nilimwandika akipanda ngazi za mnara, ghafla nikamwona ameshika ukuta, anapumua kwa mdomo, anangoja askari wake wapite ili wasimwone. Msomaji mmoja wa Embu aliandika chini ya hadithi: "Huyu mtu unamjua kutoka ndani." Nilifurahi siku nzima.

Ganzi ilianzia vidoleni mwa miguu. Nilikuwa nikitembea na kiatu kinabaki nyuma bila mimi kujua. "Mwalimu, umeacha kiatu," watoto waliniambia, wakacheka, nami nikacheka nao. Halafu asubuhi moja nikiwa nimeinua mkono kuandika ubaoni, miguu iliniacha. Haikuuma. Haikutetemeka. Ilikuwepo, kisha haikuwepo. Nilijikuta sakafuni na chaki bado mkononi, na maji yanatambaa kwenye saruji kando yangu. Niliyaona kabla sijajua yametoka kwangu. Nilikuwa nimejikojolea na sikuhisi hata joto lake. Wasichana wa darasa la mbele walivua sweta zao wakanifunika. Hakuna aliyecheka.

Mama alikuja kutoka Kianjai, na Gatwiri akafunga duka akaja. Waliponiosha, mkono wa Gatwiri ulisimama mgongoni mwangu.

"Kananu, hapa kuna nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Pamechomoza."

Mama akapagusa. Alijifuta mikono akatoka nje, akasimama mlangoni ametugeuzia mgongo. Jirani yangu alikuja jioni hiyo, akasema ugonjwa wa namna hii hutumwa, na kwamba anamjua mtu wa kuutoa. Mama alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Kwanza apigwe picha," akasema. "Picha ikikosa kuona kitu, tutaongea."

Picha iliona. Daktari wa hospitali nilikolazwa, mwanamume wa sauti ya chini, aliiinua kwenye mwanga akatuonyesha mifupa ya uti wa mgongo iliyopangana vizuri kama vikombe, kisha mahali ambapo vikombe vimevunjika na kubonyea. "Hii imeliwa," alisema. "Na hapa kuna usaha unaobana mshipa wa fahamu wa miguu yako."

"Imeliwa na nini?" Gatwiri aliuliza.

"Hilo ndilo tunatafuta. Inaweza kuwa kansa. Inaweza kuwa kitu kingine."

Waliingiza sindano ndefu mgongoni wakatoa usaha, nikarudishwa wodini kungoja majibu. Kitanda kilichokuwa kando ya changu kilizungushiwa pazia asubuhi, na lilipoondolewa kilikuwa kimetandikwa upya. Sikuuliza. Nililala nikitazama vidole vyangu vya miguu upande wa pili wa blanketi, nikiviamuru visogee. Vilikaa tu.

"Ni kifua kikuu," daktari alituambia majibu yaliporudi.

"Lakini mimi sikohoi."

"Si lazima kikae kifuani. Chako kimekaa kwenye mfupa."

"Nitatembea?"

Alichukua ufunguo wake akaukwaruza kwenye wayo wangu, akanitazama usoni kuona kama nimesikia. Sikuwa nimesikia. "Dawa itaua wadudu," alisema. "Mshipa ukiwa haujafa, utaamka polepole. Siwezi kukuahidi."

Gatwiri alinichukua nyumbani kwake Makutano. Akanipa chumba chake, yeye akawa analala sebuleni. Nitasema wazi maisha yalivyokuwa, maana wapo wanaoyaishi sasa hivi na wanaona aibu. Mkojo ulitoka kwa mpira hadi kwenye mfuko. Choo nilikuwa naondolewa kama mtoto. Juu ya makalio palifunguka kidonda cha kulalia, na harufu yake nilikuwa naisikia mimi mwenyewe nikila. Gatwiri alinigeuza ubavu huu, akaenda kuuza nguo, akarudi kunigeuza ubavu ule. Alikonda. Hakuwahi kulalamika, na hilo lilinitesa kuliko kidonda.

Vidonge nilivimeza kila asubuhi kabla ya chai. Tulikuwa tumeambiwa vitabadilisha mkojo uwe na rangi ya machungwa, na kweli ulibadilika. Baada ya muda nikaona umepoteza ile rangi.

"Mkojo umerudi kawaida," nilimwambia Gatwiri alipokuwa anamwaga mfuko.

"Kawaida gani? Si huu hapa, kama soda ya machungwa."

Nikatazama tena. Niliona maji ya kijivu. Kuanzia siku hiyo nilianza kujipima kwa siri. Nyanya zilionekana kama zimepakwa vumbi. Katikati ya kila kitu nilichokitazama kulikuwa na doa la ukungu, na uso wa mama ulipoinama juu yangu niliona masikio na kitambaa cha kichwa, lakini macho yake sikuyaona. Maandishi kwenye simu yakawa sisimizi. Nilijua ni dawa, kwa sababu kabla ya dawa nilikuwa naona. Nikawaza: miguu imeshaenda, na sasa hii dawa inakuja kuchukua macho. Nikaanza kuviweka vidonge chini ya ulimi. Gatwiri akigeuka, navisukuma kati ya godoro na ukuta.

Siku moja mchana mvua ilinyesha kubwa, mitumba haikuuzwa, Gatwiri akarudi mapema. Wasomaji wangu walikuwa wanauliza Orandi yuko wapi. Nilimwambia macho yamechoka, aniandikie.

Alicheka kidogo, akakaa ukingoni mwa kitanda na simu yangu. "Haya, sema. Lakini nikichoka, nimechoka."

Nikaanza. "Orandi amelala kwenye chumba cha mganga chini ya mnara. Miguu yake haisikii kitu. Kila asubuhi mganga anamletea bakuli la dawa chungu. Orandi anangoja mganga ageuke."

"Halafu?"

"Halafu anaimwaga."

"Anaimwaga kwa nini, na ni ya kumponya?"

"Kwa sababu inamla macho. Alikuwa anaona theluji nyeupe, sasa anaiona kama majivu. Anaona afadhali abaki na macho, kwa sababu miguu haitarudi."

Niliusikia mlio wa vidole vyake kwenye simu, kisha sikuusikia tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Anaimwaga wapi?" Gatwiri aliuliza.

"Nyuma ya kitanda."

"Na mganga hajui?"

"Mganga ni mtu mwema. Amechoka. Orandi hataki kumwongezea mzigo."

Akainama akautazama mfuko wa mkojo, ambao siku hizo alikuwa anaumwaga mbio bila kuuangalia. Akaweka simu kifuani pangu, akainuka, akashika pembe ya godoro akaliinua pamoja na mimi juu yake. Nikasikia vidonge vinadondoka kwenye saruji, kimoja baada ya kingine, vingine vikiviringika mpaka mlangoni. Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga kelele.

"Nimevaa sweta ya rangi gani?" aliuliza.

Nilikaza macho. "Ya udongo."

"Ni nyekundu, Kananu. Ulininunulia wewe."

Akapiga magoti, akaanza kuokota vidonge akiviweka kwenye leso. Nilidhani anahesabu, kumbe analia. "Hii sitaandika," alisema akiwa bado chini. "Huyo mtu wako hawezi kufa kwa nyumba yangu."

Tulirudi hospitali. Daktari alinifungulia kitabu chenye duara za rangi, nikashindwa karibu zote. Aliuliza tangu lini sijameza dawa, nikamwambia ukweli. Alivua miwani akayasugua macho yake.

"Huu ugonjwa ukipigwa nusu unainuka," alisema. "Na ukiinuka unakuwa umeijua dawa. Ungepanda kutoka hapo mgongoni, na ningekuwa sina la kukupa. Mbona hukuniambia kuhusu macho?"

"Niliogopa utaniambia nichague."

"Nani amekuambia uchague? Ni moja tu kati ya dawa zile ndiyo inasumbua macho, na ni kwa watu wachache. Hiyo naiondoa leo. Zingine utameza."

"Macho yatarudi?"

"Huenda. Huenda yasirudi yote."

Basi nikaingia katika kipindi ambacho nisingemtakia adui. Sikuwa na miguu, na macho yalikuwa nusu. Nilimeza vidonge Gatwiri akinitazama mdomoni, akiniambia nitoe ulimi, nami nikiutoa. Wakati mwingine nilitapika na kuletewa vingine. Mama aliomba kwa Kimeru, kwa sauti ndogo, maneno yale yale. Kila asubuhi nilifungua macho nikaukuta ule ukungu umenisubiri. Nilimwambia Gatwiri aandike kwamba Orandi amemeza. "Anaamini itamsaidia?" aliuliza. Nikamwambia hapana, anameza tu. Akaandika hivyo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Gatwiri alikuwa ananiosha miguu, anaharakisha aende dukani.

"Hayo maji ni baridi," nikasema.

Kitambaa kilibaki hewani. "Umesema nini?"

"Maji. Ni baridi."

Aliyamwaga yote sakafuni akakimbia kumpigia mama simu, akaniacha miguu imelowa, ikisikia baridi. Ilikuwa baridi nzuri sana.

Kutoka hapo mambo yalikwenda polepole na kwa maumivu. Miguu ilipoamka ilikakamaa na kuruka yenyewe kama samaki. Nilifungwa mshipi mgumu kiunoni, nikafundishwa kukaa, na mara ya kwanza kukaa nilizimia. Nikashika fremu ya kutembelea, nikaanguka, nikaishika tena. Mpira wa mkojo ulitolewa. Kidonda kilijifunga kutoka chini kuja juu. Rangi nyekundu ilirudi baadaye, kwanza kama kutu.

Leo natembea. Nimerudi darasani, nafundisha nikiwa nimeketi. Nundu iko palepale na haitaondoka. Doa dogo la ukungu limebaki jicho la kushoto. Siku mgongo ukiniuma, hata kwa kuinama vibaya, nalala macho wazi nikisikiliza kama kuna kitu kimerudi kutafuna. Daktari anasema ni woga tu. Naenda kupimwa hata hivyo.

Wewe unayeumwa mgongo, unatoka jasho na unakonda, usingoje uanguke. Nenda, na uwaambie unataka mgongo wenyewe upigwe picha. Wewe uliye kwenye dawa na unaona rangi zimefifia, sema leo, tena kwa sauti. Hutaambiwa uchague. Na wewe unayeuguza, mgonjwa wako akitaka kukusimulia habari za mtu asiyekuwepo, hata wa katuni, kaa chini umsikilize. Muulize anachofanya huyo mtu. Muulize anafanyia wapi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama aliyetaka picha kwanza. Namshukuru Gatwiri, aliyeinua godoro.