Kiti cha Koridoni

Mwanafunzi huyo wa chuo kikuu alitambulika kwanza kwa kiti chake: alikiweka koridoni, kati ya mlango wa mwalimu wa biolojia na wa mwalimu wa sosholojia. Shahada yake ya sayansi za binadamu iliwahusu wote wawili. Wasipoukubali utafiti wake kuhusu usingizi wa wauguzi wa zamu, hahitimu.

"Hayo mambo ya jamii, binti. Nenda kwa mwenzangu," alisema wa kwanza.

"Usingizi ni mwili, mwanangu. Mimi na mwili wapi na wapi?" alisema wa pili.

Mfagiaji aliyekuwa akipita koridoni akacheka. "Dada, wamekugeuza mpira, na goli hakuna!"

Hakuwa na la kufanya ila kukaa. Kesho mkuu wa kitivo atawakutanisha walimu hao chumba kimoja, na tangu asikie hivyo, anachoogopa ni kwamba safari hii watakubaliana: kumkataa.